Saa ya Kutia Ufunguo Haitaki Mafuta ya Cherehani

Kwa fundi saa wa Katesh au Mbulu mjini, riziki siku hizi ni betri na mikanda. Lakini saa za kutia ufunguo, pamoja na Seiko 5 zinazojijaza kwa mtikisiko wa mkono, bado wazee wanazivaa. Zikianza kuchelewa, hukimbiliwa mafuta ya cherehani. Hapo ndipo saa nzuri zinapouawa.

Cherehani hupakwa mafuta mara kwa mara, kwa hiyo yakitambaa si hasara. Saa hufungwa ikakaa miaka. Mafuta yakihama yalipowekwa, yakafika kwenye springi nyembamba kama unywele, mizunguko yake hushikana na saa huanza kukimbia ovyo. Vumbi la mashamba ya ngano ya Basotu likipenya humo, linachanganyika na mafuta na kusaga vyuma.

Fundi anayeanza asihangaike na seti nzima. Aina mbili za mafuta na grisi ya springi kuu zinamtosha. Moebius 9010 ni mepesi, ya vito vya gurudumu linaloyumba. Kwenye Seiko yenye mashine ya 7S26, gurudumu hilo huyumba mara 21,600 kwa saa. Ukilipaka mafuta mazito, baridi ya Julai ya nyanda za juu za Mbulu itayagandisha zaidi na mwendo utadhoofu. Mazito, kama D5, yapelekwe kwenye magurudumu ya taratibu yanayobeba nguvu ya springi kuu.

Kipakio si lazima kiagizwe. Chukua sindano ya kushonea, ipashe moto hadi iwe nyekundu, iponde ncha kwa nyundo ndogo iwe bapa, kisha uinoe kwenye jiwe. Upana wa ncha ndio kipimo cha tone, hivyo tengeneza nyembamba ya mafuta mepesi na pana kidogo ya mazito. Chini ya lenzi, duara la mafuta kati ya vito viwili lijaze kama theluthi mbili, lisiguse ukingo. Meno ya magurudumu yaache makavu.

Haya yote ni baada ya kufungua mashine na kuiosha kwa benzini safi. Kupaka juu ya uchafu ni kuharibu mafuta ya bei. Chupa ya mililita 2 hudumu sana ikikaa gizani. Mimina kidogo kwenye kikombe chenye kifuniko, na yanayobaki jioni yafute, usiyarudishe chupani.