Kumisi, kugonga na kunoki

Vitenzi hivi vitatu husikika kila siku katika gereji za Kibaha na Kisarawe. Vyote hueleza hitilafu za injini, lakini havibadilishani nafasi.

Kumisi ni silinda moja au zaidi kukosa kuwaka. Gari hutetemeka na kupungukiwa nguvu. Fundi huanza na plagi, koili na nozeli. Mfano: *Injini inamisi ikiwa baridi.*

Kugonga ni mlio mkali, kama wa chuma kupigwa, gari linapopanda mlima. Husababishwa na mchanganyiko wa petroli na hewa kujiwasha wenyewe ndani ya silinda. Toyota Starlet yenye turbo na injini ya 4E-FTE, ya ujazo wa sentimita 1,331, hugonga kwa urahisi mwenyewe akiongeza shinikizo la turbo bila kurekebisha kiasi cha petroli na wakati wa cheche. Mfano: *Injini inagonga nikikanyaga mafuta.*

Kunoki ni injini kuharibika kabisa, aghalabu kwa kulika beringi za konrodi. Mfano: *Gari limenoki, linahitaji injini nyingine.*

Mfasiri ajihadhari. Kunoki kumetoholewa kutoka Kiingereza *knock*, ila maana imehama. Mwongozo wa gari ukitumia neno hilo kwa mlio, tafsiri yake ni *kugonga*. Ukiandika *imenoki*, msomaji atanunua injini, ilhali pengine ilitosha kupunguza shinikizo na kutia petroli yenye oktani kubwa zaidi. Hata hivyo, kugonga kukipuuzwa huweza kuishia kunoki.