KRAS: Protini Iliyokosa Pa Kushikwa

Kila seli ya mwili huishi kwa kutii amri. Amri ya kugawanyika hutoka nje, hugusa utando wa seli, kisha hupokezanwa na protini moja baada ya nyingine hadi kwenye kiini. Miongoni mwa wapokezi hao imo protini ndogo iitwayo KRAS, ambayo ni mithili ya swichi: ikishikana na molekuli ya GTP huwaka, GTP ikivunjwa kuwa GDP huzimika. Jeni yake ikiingiwa na hitilafu, swichi hubaki ikiwaka, na seli huendelea kugawanyika pasipo kuamriwa. Saratani nyingi za kongosho, utumbo mpana na mapafu hutokana na hali hiyo.

Hitilafu za jeni za jamii ya RAS ziligunduliwa katika saratani za binadamu mwaka 1982. Hata hivyo, kwa takriban miaka 30 kila jitihada ya kuizima KRAS kwa dawa iligonga mwamba. Dawa ya molekuli ndogo huhitaji kishimo katika protini ili ijipenyeze humo. Uso wa KRAS ni laini, na kishimo chake cha dhahiri hukaliwa na GTP au GDP, ambazo hung'ang'ania kwa nguvu mno.

Mwaka 2013, kundi la Kevan Shokat wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilipata upenyo ndani ya hitilafu yenyewe. Katika aina iitwayo G12C, asidi amino ya 12, glisini, hubadilika kuwa sisteini, yenye salfa inayoweza kufungamana na dawa. Molekuli zilizojaribiwa zilinasa hapo na kufichua kishimo ambacho awali hakikuonekana. KRAS isiyo na kasoro haina sisteini mahali hapo. Kwa hiyo husalimika.

Mei 2021, Marekani iliidhinisha sotorasibu, dawa ya kwanza ya aina hiyo. Katika utafiti wa wagonjwa 124 wa saratani ya mapafu, uvimbe ulisinyaa kwa kiwango kikubwa kwa takriban asilimia 37. Kwa nusu ya waliopata nafuu, nafuu hiyo haikuvuka miezi 11 hivi, kwa kuwa seli za saratani huweza kubuni njia nyingine za kupitishia amri.

Aidha, saratani ya kongosho mara nyingi hubeba hitilafu ya G12D, isiyo na sisteini; huko ndoano hii haina pa kunasa. Ndiyo sababu kipimo cha jeni za uvimbe hutangulia dawa: jina la kiungo kilichougua pekee halitoshi kumchagulia mgonjwa tiba.