Pawa Saplai ya Fundi Inapougua Kimyakimya

Mitaani mwetu, chumba cha uani au kipembe cha baraza aghalabu kimegeuzwa karakana ya kijana wa nyumba anayetengeneza simu na redio. Juu ya meza yake, pamoja na mita na chuma cha kulehemia, hukaa kisanduku chenye virungu vya kuzungusha na vitundu viwili, chekundu na cheusi. Hiyo ndiyo pawa saplai. Huupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kumpa fundi volti anazozitaka, tangu sifuri hadi 30, na huuwekea mkondo kikomo ili kitu kinachotengenezwa kisiungue.

Kisanduku hicho kikifa kabisa, hasara yake si kubwa: kazi husimama siku mbili tatu. Tunachokihofia sisi ni kile kisichokufa. Simu hutarajia volti takriban 4 kutoka kwa betri yake, ilhali pawa saplai yenye maradhi tutakayoyaeleza huweza kuisukumia zaidi ya 30. Simu iliyoletwa kwa kasoro ndogo ya kitundu cha chaji hurudi ikiwa imeungua bodi nzima. Nani atalipa? Simu ile ni amana ya mtu, na kijana mwenyewe huenda asijue kuwa mkosaji ni chombo chake, akaendelea kuunguza ya pili na ya tatu.

Tunazungumzia hapa pawa saplai ya aina ile nzito, yenye transfoma kubwa ndani. Ile nyepesi ya kisasa hubeba volti zipatazo 325 za mkondo mnyoofu katika sehemu yake ya mwanzo, na kwa maoni yetu kijana ambaye hajafundishwa kazi hiyo asiifungue kamwe.

Katika ile nzito, transfoma huushusha umeme hadi volti 24 hivi. Dayodi nne huugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kisha kapasita kubwa huutuliza. Kwa kuwa kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi la umeme, zile volti 24 huwa karibu 32, hata baada ya kutoa kidogo kinachopotea katika dayodi. Mbele yake husimama transista kubwa, mara nyingi 2N3055 yenye kofia ya chuma, mfano wa bawabu mlangoni: hupitisha kilichoamriwa na kuzuia kilichosalia. Lakini kinachozuiwa hugeuka joto. Fundi akitaka volti 5 kwa ampea 3, volti 27 zilizosalia zikizidishwa kwa ampea 3 ni wati 81, sawa na vyuma viwili vya kulehemia vya wati 40 vikiwaka pamoja ndani ya kisanduku kimoja.

Hapo ndipo maradhi huanzia. Mafuta meupe yanayopitisha joto chini ya transista hukauka kwa miaka, feni hujaa vumbi na kusimama, na siku moja transista huungua. Ikiungua, aghalabu haikatiki bali hushikana, mlango ukabaki wazi. Volti zote 32 humiminika nje hata kama kirungu kimerudishwa hadi sifuri. Mita ikionyesha volti nyingi zisizokubali kupunguzwa, transista ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kabla ya kifuniko kufunguliwa, plagi ichomolewe ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Watoto waondoke mezani. Kapasita kubwa, tuseme ya mikrofaradi 10,000, hubaki na umeme hata baada ya plagi kutoka. Resista ya omu 1,000 na wati 5 iwekwe baina ya ncha zake kwa dakika moja nzima, kisha mita ithibitishe. Wako wanaozigusanisha ncha hizo kwa bisibisi. Cheche yake huweza kurusha chembe za chuma kilichoyeyuka hadi machoni, nasi hatuoni sababu ya kuhatarisha jicho kwa ajili ya kuokoa dakika moja.

Fyuzi nayo husema jambo. Kioo chake kikiwa cheusi, umeme mwingi umepita kwa ghafla, na kuna kitu kilichoshikana. Wanaoweka kipande cha waya mahali pa fyuzi huibadilisha kasoro ya shilingi chache kuwa moto wa nyumba.

Sasa mita iwekwe kwenye alama ya dayodi. Dayodi nzima huonyesha 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haionyeshi kitu. Ikisoma sifuri pande zote mbili, imeshikana. Transista ifunguliwe kwanza ndipo ipimwe, kwani sehemu za jirani hudanganya. Baina ya kolekta na emita mita isionyeshe kitu pande zote. Zikiwapo transista mbili kubwa zipimwe zote, na pia ile ndogo inayoziamrisha, maana mara nyingi hufa pamoja. Transista bandia ni nyingi madukani, na bei rahisi kupita kiasi iwe onyo.

Kofia ya chuma ya 2N3055 ndiyo kolekta yenyewe. Kwa hiyo chini yake huwekwa karatasi ya ulanga na mafuta mapya, kisha mita ihakikishe kuwa kofia haigusani na bati la kupozea. Ipimwe vilevile njia ya waya wa ethi, tangu plagi hadi bodi la chuma la kisanduku.

Kuwasha mara ya kwanza kunahitaji balbu ya zamani, yenye waya ndani, ya wati 60, iliyoungwa katika waya wa moto ndani ya kishikio kilichofunikwa vyema. Ikimulika mara moja na kufifia, kapasita imejaa salama. Ikibaki inang'aa kwa nguvu zote, kuna kilichoshikana bado, na balbu imeiokoa fyuzi.

Mambo yakitulia, balbu hiyo iondolewe. Kirungu kizungushwe taratibu toka sifuri hadi mwisho huku mita ikisoma, kisha volti ziwekwe 12 na balbu ya gari ya wati 21 iunganishwe kwa nusu saa. Hiyo huvuta ampea 1.75. Volti zisiyumbe, feni isisimame. Na kila asubuhi, kabla simu ya kwanza haijaunganishwa, ncha za mita ziwekwe kwenye vile vitundu viwili, chekundu na cheusi, na volti zisomwe.