Ubwari iko karibu au mbali? Namna macho yetu yanapima umbali

Ukisimama mwaloni Baraka asubuhi baada ya mvua, milima ya Ubwari ng'ambo ya ghuba utaiona kama unaweza kuifikia kwa makasia machache. Rudi pale mwezi wa saba, wakati wa vumbi na moshi wa majani yanayochomwa. Ni milima ile ile, lakini imeenda mbali. Ziwa halikupanuka. Akili yetu huhesabu ukungu kama umbali, na siku hewa ikiwa safi, inakosea. Mgeni anayekadiria mafuta ya injini kwa macho tu anaweza kuishiwa katikati ya maji.

Kwa vitu vya karibu tunatumia macho mawili. Yameachana sentimita 6 hivi, kwa hiyo kila jicho linapata picha yake, tofauti kidogo, na ubongo unazilinganisha. Muingereza Charles Wheatstone alionyesha jambo hilo mwaka 1838. Jaribu mwenyewe: funga jicho moja, kisha tunga uzi kwenye sindano. Lakini kwa kitu cha mbali sana picha hizo mbili zinafanana, na hapo tunabaki na mazoea: tunajua ng'ombe ana ukubwa gani, mtumbwi una ukubwa gani.

Mazoea hayo yanatoka mahali mtu alipokulia. Mwaka 1961 mtafiti Colin Turnbull aliandika kisa cha Kenge, kijana Mbuti wa msitu wa Ituri, ambako miti haimruhusu mtu kuona mbali. Alipompeleka sehemu za wazi karibu na Ziwa Edward, Kenge aliona nyati kwa mbali akauliza ni wadudu gani wale. Gari lilipowakaribia, nao wakizidi kukua, akafikiri ni uchawi. Tusimcheke. Ni kisa cha mtu mmoja, si jaribio la maabara, na sisi tunaotazama ziwa kutoka milima ya Fizi tulifundishwa tungali watoto kwamba kile kidoa cheusi majini ni boti yenye watu ndani.

Sasa njoo barabarani. Pikipiki inayokuja moja kwa moja kwako, jicho linapima mwendo wake kwa namna inavyokua. Kutoka mita 200 hadi 100 picha yake inakuwa mara mbili. Kutoka mita 20 hadi 10 vilevile, lakini kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana inaonekana kama imesimama, halafu ghafla iko mbele yako. Kwa kilomita 60 kwa saa, inakula karibu mita 17 kila sekunde. Usiku ni vibaya zaidi: taa moja haikuambii kama ni pikipiki, au ni gari lililokufa taa ya pili. Na mtoto mdogo hata mchana hajaweza kupima mwendo huo kama mtu mzima. Wazazi, msimtume dukani ng'ambo ya barabara jioni.

Maji nayo yanapinda mwangaza. Tanganyika ni safi, unaona mawe chini, unasema hapa ni kiunoni. Kimo cha mita 2, ukitazama chini wima, kinaonekana kama mita 1 na nusu. Ukitazama kwa pembeni, hata kidogo kuliko hapo. Anayechoma samaki kwa mkuki anajua: analenga chini ya pale anapomwona. Mtoto anayeruka kutoka kwenye mtumbwi hajui. Mpe fimbo ndefu apime kwanza.