Mkuku Unaopanda: Chombo cha Tanga kwa Maziwa ya Hanang na Mbulu

Ziwa Balangida, kaskazini mwa Mlima Hanang chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, hujaa maji mvua zikikolea, na kiangazi kikizidi watu huingia humo kwa miguu kuokota chumvi. Eyasi, mpakani mwa Mbulu, ni pana ajabu lakini kina chake hakilingani na upana huo. Basotu lina maji baridi, perege na viboko. Tlawi liko jirani na mji wa Mbulu. Kwa maji ya namna hii mtumbwi unatosha kwa shughuli nyingi, ila kasia huchosha mikono na petroli ina bei yake, ilhali upepo unavuma bure. Swali ni aina ya chombo cha tanga kinachoweza kuishi hapa, na jibu lake, kwa maoni yangu, liko chini ya chombo kuliko juu yake.

Upepo ukilipiga tanga kutoka ubavuni, sehemu kubwa ya nguvu yake hukisukuma chombo pembeni na sehemu ndogo tu hukipeleka mbele. Mkulima wa Kiiraqw aliyeshika plau la ng'ombe anaijua hali hii kwa mikono yake. Ulimi wa plau hutupa udongo upande mmoja, na udongo nao hulisukuma plau upande wa pili. Kinacholizuia lisihame mfereji ni bamba la ubavuni, linaloegemea ukuta wa ardhi isiyolimwa. Ng'ombe wakivuta, njia iliyobaki ni mbele tu. Mkuku ulio chini ya chombo ndio bamba hilo, na maji ndiyo ukuta.

Tofauti ni kwamba maji hukubali kusogea. Kwa hiyo chombo hakiendi sawasawa na pua yake ilikoelekea. Huteleza pembeni kidogo, kwa kawaida digrii 3 hadi 5, na mtelezo huo mdogo ndio unaozaa nguvu. Maji hupita kwa kasi zaidi upande mmoja wa mkuku kuliko mwingine, shinikizo linatofautiana, na chombo kinashika. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka maradufu, mshiko huongezeka mara nne. Kasi ikifa, mshiko nao unakufa, na ndiyo maana nahodha anayebisha dhidi ya upepo haachi chombo kizubae katikati ya mgeuko. Chombo kidogo chenye mkuku mzuri huweza kukaribia upepo hadi pembe ya digrii 45 hivi, na kwa kubisha huku na huku kikafika kule kule upepo unakotoka. Bila mkuku kitaishia upande wa pili wa ziwa, na wavuvi watakirudisha kwa kasia.

Mkuku mzuri ni mrefu kwenda chini na mwembamba, na hapo ndipo maziwa yetu yanapoleta ubishi. Pwani walilijua zamani tatizo hili la maji mafupi. Maji ya Zanzibar hupanda na kushuka karibu meta 4 wakati wa bamvua, na chombo chenye mkuku mrefu kikipwelewa hulala ubavu juu ya mchanga. Ngalawa ilipata jibu lake kwa ndubi zake mbili, zinazoipa uthabiti bila kuhitaji kina. Jibu lingine lilitolewa na John Schank, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyejenga huko Boston mwaka 1774 mashua yenye mkuku wa kushushwa na kupandishwa. Serikali yake ilikuja kuunda meli kwa mpango huo. Mojawapo, Lady Nelson ya mwaka 1798, ilikuwa na mikuku mitatu ya kuteleza, ikasafiri hadi Australia na kutumika kupima pwani zenye maji mafupi ambako meli kubwa hazikuthubutu kusogea.

Jinsi mkuku huo unavyopita kwenye sakafu ya chombo huwashangaza wengi wanapouona kwa mara ya kwanza. Fundi hukata mwanya katikati ya sakafu, wazi kabisa hadi majini, kisha hujenga juu yake sanduku jembamba lisilo na kitako. Maji huingia ndani ya sanduku, hupanda mpaka usawa wa maji ya ziwa nje, na hapo husimama. Hayawezi kupita usawa huo kwa sababu hakuna shinikizo la kuyasukuma zaidi. Kuta za sanduku zikizidi usawa huo kwa sentimeta 20 au 30, abiria hukaa pakavu ingawa chombo kina tundu wazi tumboni. Bamba la mkuku hushushwa humo kwa kamba na kapi. Sehemu ya kuangalia kwa makini ni pale sanduku linapoungana na sakafu. Kila wimbi linalosukuma mkuku pembeni hupinda kiungo hicho, na chombo cha namna hii kikianza kuvuja, mara nyingi huanzia hapo. Kalafati peke yake haitoshi. Sanduku lifungwe kwa mataruma ya pande zote mbili.

Watu husema mkuku huzuia chombo kisipinduke. Hilo ni kweli nusu. Kushika maji ni kazi moja na kusimamisha chombo ni kazi nyingine, na bamba la ubao huifanya ile ya kwanza tu. Kusimamisha chombo kunataka upana au farumi, yaani uzito uliowekwa chini. Upana hufanya kazi mapema: chombo kikiinama kidogo, ubavu uliozama hubebwa zaidi na maji na kukirudisha. Farumi hufanya kazi baadaye, na kadiri chombo kinavyoinama ndivyo inavyozidi kukivuta. Kilo 60 za chuma zilizoko meta 1 chini ya kitovu cha uzito zina nguvu sawa na kilo 200 zilizoko sentimeta 30 chini yake. Ndiyo sababu waundaji hutamani kuweka chuma kwenye ncha ya mkuku. Chuma hicho kikipandishwa, chombo hupoteza uthabiti wake papo hapo, kwa hiyo mkuku wenye uzito hauvutwi juu huku tanga limejaa upepo.

Sasa tazama ufukwe. Tuseme sakafu ya ziwa inashuka meta 1 kila baada ya meta 20. Chombo chenye mkuku usioondoka, kinachotaka maji ya meta 1.2, kitaelea baada ya kusukumwa meta 24 ndani ya tope. Kile kilichopandisha mkuku na kutaka sentimeta 25 kitaelea baada ya meta 5, tela likiwa bado linafikiwa na gari. Sijui hesabu nyingine inayoonyesha wazi hivyo faida ya mkuku unaopanda. Njiani pia chombo hukaa chini juu ya tela, na upepo wa pembeni haukisumbui sana. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, chombo kilichoundwa pwani kinaweza kuvutwa mpaka Mkoa wa Manyara bila kuvunjwa vipande. Zamani, mpelelezi Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874, mashua yake Lady Alice ilibebwa mabegani na wapagazi, vipande vipande, hadi Ziwa Viktoria.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa pwani hatalifikiria asipokumbushwa. Basotu na Tlawi yako juu, na katika mwinuko wa meta 1,600 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko usawa wa bahari. Tanga linalotosha Mafia litasukuma kidogo hapa. Kupata nguvu ile ile, tanga la meta za mraba 10 liwe karibu 11.7. Maji hayajabadilika uzito, hivyo mkuku ubaki na ukubwa wake. Lakini tanga hilo kubwa liwe na nafasi ya kupunguzwa haraka, maana Mlima Hanang, wenye zaidi ya meta 3,400, huukata upepo na kuuachia kwa vishindo.

Kwa mvuvi wa Basotu ningechagua chombo kipana cha meta 5, bamba jepesi la mbao lisilo na chuma, na vyumba vya hewa vilivyozibwa pande zote mbili ili kikipinduka kielee na kuinuliwa. Kasi yake haitazidi kirahisi kilometa 10 kwa saa, kwani urefu wa chombo kwenye mstari wa maji ndio unaoweka kikomo hicho, na kwa ziwa lile inatosha. Chuma kwenye mkuku ningekiacha kwa chombo cha kubeba abiria, tena kwa sharti la pini nene ya kuufunga ukiwa chini. Mkuku mzito usiofungwa, chombo kikilala ubavu, huteleza kurudi sandukuni saa ile ile unapohitajika nje.