Bunduki kuukuu: Gonga, chungulia, pima kabla ya kununua

WAHENGA walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni vigumu kupata kifaa kinachothibitisha methali hiyo kuliko bunduki kuukuu ya mitutu miwili, ile ya marisau ambayo Waingereza wameitumia kuwindia ndege kwa vizazi vingi.

Bunduki za aina hiyo zilizoundwa London na Birmingham zaidi ya miaka 100 iliyopita zingali zinauzwa katika minada ya Uingereza. Kitako hung'aa kwa mafuta, nacho chuma kimenakshiwa maua. Mnunuzi akiiona mara moja tu, moyo humwenda mbio.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mtutu uliochakaa ukipasuka, anayeumia ni mwenye kuushika. Vidole vya mkono unaotegemeza mitutu huwa sentimita chache tu kutoka kwa mlipuko.

Je, mnunuzi mwerevu hufanya nini?

Kwanza, huifungua bunduki na kuhakikisha kwa macho yake kwamba hamna risasi katika mtutu wowote. Hatosheki na neno la muuzaji, hata akiwa ni rafiki yake.

Pili, hukitoa kipande cha mbao kilicho chini ya mitutu, akaifunga bunduki, akashika kitako na kuitikisa. Kipande hicho huibana mitutu na kuficha ulegevu. Kikiwa kimetolewa, bunduki iliyolegea bawaba hucheza mkononi. Aidha, yeye hukagua mbao za kitako pale zinapokutana na chuma, kwani nyufa hupenda kuanzia hapo.

Tatu, huing'oa mitutu, akaining'iniza kwa kidole na kuigonga polepole. Akina mama sokoni huujua mtihani huu. Ndivyo wagongavyo chungu kabla ya kukinunua. Mitutu mizima hulia kama kengele. Ikitoa sauti nzito iliyokufa, huenda lehemu inayoiunganisha imeachia.

Nne, huielekeza mitutu dirishani na kuchungulia ndani. Mwangaza unafaa kuunda duara kamili. Kivuli kilichopinda huonyesha kwamba mtutu umebonyea, nayo madoa meusi ni mashimo ya kutu.

Lakini jihadhari, msomaji. Mtutu unaong'aa ndani kama kioo pia unaweza kukudanganya. Kutu huondolewa kwa kukwangua, na kila unapokwangua, chuma nacho hupungua. Kinachohitajika hapa ni kipimo, si jicho. Mafundi wengi wa Uingereza hawapendi chuma cha mtutu kiwe chembamba kuliko sehemu 20 kati ya 1,000 za inchi. Hiyo ni nusu milimita, takriban unene wa ukucha wako.

Tano, husoma mihuri iliyo chini ya mitutu. Chama cha waunda bunduki cha London kilipewa hati ya kifalme mwaka wa 1637, nayo Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya mwaka wa 1813. Huko, bunduki hufyatuliwa kwa shehena yenye nguvu kuliko ya kawaida. Ikistahimili, hupigwa muhuri. Kuuza bunduki ambayo muhuri wake haufai tena ni hatia nchini humo.

Bunduki nyingi za karne ya 19 zilijaribiwa kwa baruti nyeusi pekee. Kuzitilia risasi za kisasa bila majaribio mapya ni kucheza na mauti.

Sita, na hili huwaponyoka wengi, ni urefu wa chumba cha risasi. Bunduki nyingi za zamani zina chumba cha inchi mbili na nusu, yaani takriban milimita 65. Risasi nyingi za siku hizi ni za milimita 70. Ajabu ni kwamba risasi hiyo ndefu huingia bila shida! Sababu ni kuwa urefu unaotajwa ni wa ganda likiwa limefunguka. Linapofyatuliwa, mdomo wake hukunjuka mahali pasipo na nafasi, na shinikizo ndani ya mtutu hupanda. Kwa hivyo, risasi kuingia si ithibati kwamba inafaa.

Baada ya yote haya, mnunuzi hupeleka bunduki kwa fundi aliyehitimu kabla ya kulipa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Muuzaji asiyetaka mali yake ipimwe amekwisha kukujibu.

Isitoshe, kuna sheria. Uingereza, anayetaka bunduki ya marisau sharti apate cheti kutoka kwa polisi. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni hatia kununua au kuwa na bunduki bila cheti, hata kama ni urithi wa babu. Anayeikuta nyumbani kwa marehemu asiiguse wala kuijaribu, bali apige ripoti katika kituo cha polisi.

Chungu kibovu kitamwaga mchuzi, ukanunua kingine. Vidole havina duka.