Juba ndani ya kimono

Mwalimu wa Kijapani ninayemwandika hapa, mama mzaliwa wa Kyoto ambaye wanafunzi humwita sensei, hafundishi majina ya mavazi na vito kwa orodha. Hunyoosha kidole, yubi, akakitia pete: yubiwa, duara la kidole. Hukunja mkono, ude, akaupitishia bangili: udewa. Glavu ni tebukuro, mfuko wa mkono.

Kazi iko kwenye vitenzi vya kuvaa. Shati ni kiru, suruali na viatu ni haku, kofia ni kaburu, miwani ni kakeru, pete ni hameru. Mwanafunzi akilalamika kwamba kwetu “vaa” latosha, sensei humkumbusha kuwa kanga tunajifunga na ushungi tunajitanda. Akikosea akatumia kiru kwa viatu, humgusa goti tu: kuanzia kiunoni kwenda chini ni haku.

Lakini kilichonikaa rohoni ni juban, vazi jepesi la ndani linalokinga kimono na jasho. Shingoni hushikizwa ukosi, aghalabu mweupe, kwa mishono mirefu iliyo rahisi kufumua, ili ufuliwe peke yake. Ndio huo unaochungulia kimono kikishavaliwa. Sensei aliufumua mbele yetu, akaupiga pasi, akaushona upya taratibu, sindano ikipita bila kukunja kitambaa. Alipolivaa alituonya: upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake huvikwa maiti.

Kisha akaeleza kuwa jina juban limetoka kwa Wareno, waliofika Tanegashima mwaka 1543. Kwao ni gibão, na mzizi wake ni wa Kiarabu: jubba.

Juba! Hili hili tunalowaona nalo masheikh wa pwani yetu. Sisi tulilipokea kwa Waarabu, likawafikia Wajapani kwa kuzungukia Ulaya, na Wareno hao hao ndio waliotuachia neno leso. Mbona kwetu limebaki vazi la nje, la heshima, na kule likafichwa ndani? Nilimwuliza sensei. Alisema hajui, na hapendi kubuni.

Ninyi mnaofundisha Kijapani kwa Waswahili, anzeni na juban. Mwanafunzi akutane kwanza na neno lenye udugu na lake, ndipo mumpe haku na kaburu.